Hayumo, Basi Yuko Wapi

11 Februari

Dada yangu,

Kabla hujafika mstari wa pili, geuka utazame nani yuko nyuma yako. Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja, na kwa ziwa hilo nakuomba: usimsomee mtu barua hii, usimwonyeshe mtu, usiiweke kwenye mkoba ambao wifi hupekua akitafuta sindano. Isome, uichome. Kila neno lililo humu likae kati yako na mimi mpaka tuingie kaburini.

Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti limetulia tangu baridi ipungue, ila sikio la kulia sasa limegoma kabisa. Ukimwambia "chai iko tayari" anajibu "na yeye msalimie." Kila asubuhi anaulizia hali ya shemeji Gramu. Namwambia "anaendelea." Hilo ni neno zuri, dada. Halina uongo ndani yake, wala halina ukweli. Nimelitumia mpaka limechakaa.

Hofu yangu unaijua. Watu wanaofiwa na wanaouguliwa humwandikia Mkuu wa nyumba yetu ya ibada, na mimi ndiye ninayewajibu, yeye akitia sahihi. Vyumba hivi viwili tunavyolala mimi na Mama vinakwenda na kiti changu: nikinyang'anywa kiti, Mama ananyang'anywa kitanda. Karani aliyenitangulia alimuuliza Mkuu mbele ya watu kama ana hakika kuna anayesikia. Hakufukuzwa kwa kelele. Siku ya pili alikuta kikombe chake cha chai kimewekwa nje ya mlango, kimefunikwa kisahani, akaelewa. Sasa fikiria Mkuu aione barua ambayo karani wake anajaribu kuthibitisha jambo ambalo ofisi nzima imejengwa juu ya kutolithibitisha.

Swali lako limenifikia, kwenye ile karatasi yako ya kukatia nguo, na alama za chaki bado ziko pembeni. Nimelisoma mpaka nimelikariri. "Gramu yuko kwenye mashine ya kupumulia tangu mshipa ulipompasuka kichwani. Madaktari wanataka nitie sahihi wazime. Mimi ndiye mke, kalamu ni yangu. Kama yupo wa kumpokea, namkabidhi. Kama hayupo, namtupa. Wewe ndiye uliyesoma. Nithibitishie, na usinitumie mistari ya ibada, hiyo ninayo."

Naanza na mizani, kwa kuwa shemeji ni mkaguzi wa mizani na ndiyo lugha yake. Unakumbuka alipokuja mara ya mwisho, ameweka sanduku lake la mawe ya kupimia chini ya meza yetu, Mama akajikwaa nalo? Aliniuliza, "Shemeji msomi, mizani ya muuza duka naipima kwa jiwe langu. Jiwe langu linapimwa kwa jiwe la makao makuu. La makao makuu linapimwa kwa la ng'ambo. La ng'ambo analipima nani?" Nikamwambia nilichofundishwa chuoni: kwamba wanasayansi walichoka na lile jiwe la chuma, maana hata lenyewe lilikuwa likibadilika kidogo kidogo, wakaliacha. Sasa kilo yote ya dunia imeegemezwa kwenye namba moja iliyomo ndani ya maumbile, isiyochakaa, ambayo hakuna binadamu aliyeiweka. "Basi huyo aliyeiweka ndiye bosi wangu," alisema, akacheka mpaka chai ikampalia.

Mimi nilicheka naye. Sasa sicheki. Kila kipimo hukopa uhakika wake kwa kipimo kilicho juu yake, na mwisho wa ngazi kuna kitu kisichokopa. Wewe unaposema kwamba mtu wa umri wa Gramu kuanguka hivi si haki, unasema umepunjwa. Na aliyepunjwa amekwisha kukiri kwamba ratili kamili ipo mahali. Usingejua pungufu kama hakuna kamili.

Ndicho nilichonacho kwa sasa. Niandikie daktari alisema nini, neno kwa neno. Mimi ni karani, nafanya kazi na yaliyosemwa.

Mdogo wako

*

2 Machi

Kobe,

Barua yako sikuichoma. Wodini huruhusiwi kiberiti. Nimeishonea ndani ya pindo la gauni langu la kahawia, na nikitembea inakwaruza mguu kama inanikumbusha nisiseme. Salama? Mimi ni mzima wa kutembea. Msalimie Mama, mwambie cherehani imepata mkanda mpya na sare za shule nimezimaliza, zimekwenda. Usimwambie kwamba nilizimalizia hapa kwa mkono, nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye mguu mfupi, nimepachika kipande cha boksi chini yake. Muuguzi mkuu alinikuta natarizi jina la shule akasema, "Mama, hapa si karakana." Nikamwambia, "Hata mimi nilidhani hivyo, lakini naona mmeleta mashine."

Nasema ukweli, Kobe, barua yako ilinichekesha halafu ikaniudhi. Nimekuuliza mume wangu anakwenda wapi, umenijibu habari za kilo. Ati nimepunjwa, kwa hiyo kuna ratili kamili! Mimi nashona. Mteja akiniletea kitambaa kifupi, ufupi wake hauthibitishi kwamba kuna mahali kitambaa kirefu kinamsubiri. Huenda ni kifupi tu. Huenda ndivyo kilivyofumwa.

Lakini umeuliza daktari alisema nini, nami nakuandikia. Ni yule kijana mwenye miwani, anayeongea huku anatazama viatu vyake. Tulikuwa watatu: mimi huku, wifi kule, Gramu katikati. Wifi na mimi hatusemeshani tangu niulizwe habari ya sahihi. Akitaka dirisha lifungwe humwambia muuguzi, "Mwambie huyo." Huyo ndiye mimi, niliyemsuka nywele siku ya harusi yake.

Nikamuuliza daktari, "Moyo unapiga. Kwa hiyo yu hai?"

Akasema, "Moyo unapiga kwa sababu mashine inampa hewa."

"Sijauliza sababu. Nimeuliza yu hai?"

Akatazama viatu. "Mama, mwili upo. Yeye hayumo."

Wifi akadakia, "Hayumo kaenda wapi, sokoni?"

Wifi akasimama, akasema kaka yake hazimwi kama taa ya ukumbini, na atakayetia sahihi atamjua yeye ni nani. Mimi nikabaki na lile neno. Wifi aliuliza kwa kejeli, lakini ndilo swali lenyewe, na ndilo ninalokuuliza tangu mwanzo. Hayumo kaenda wapi?

Ukikaa hapa mchana kutwa unasikia ile mashine inavuta pumzi na kuishusha, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anaghairi. Kila ikivuta, nami navuta. Nimechoka, Kobe. Daktari ataniita tena kabla mwezi haujaisha. Unajua wewe ni mwoga, sikulaumu, ulizaliwa umerudisha kichwa ndani. Lakini mara hii kitoe. Simu usipige, wifi ana sikio kama sahani ya satelaiti.

Dada yako

*

15 Machi

Dada,

Hii usiishone popote. Kama hakuna kiberiti, ichane, uiloweke kwenye beseni mpaka wino uondoke.

Mama ana nguvu. Jana, nilipomwambia Gramu anaendelea, aliniuliza, "Anaendelea kwenda wapi?" Nikajifanya sikusikia, kana kwamba masikio mabovu ni yangu.

Nimekaa na neno la daktari wiki nzima. Nimelitembeza ofisini, nimelala nalo. Nisome pole pole.

Daktari hakusema "hayupo." Hakusema "hayuko." Amesema "hayumo." Lugha yetu, dada, haina njia ya kusema kwamba mtu yupo bila kumpa mahali. Hatuwezi. Po ni hapa tunapopajua. Ko ni huko tusikokujua. Mo ni ndani. Hata tukitaka kusema kwamba kuna Mungu, tunasema "yupo," na tukishasema hivyo tumekwisha kunyoosha kidole. Na huwezi kusema mtu hayumo mpaka ukubali kwanza kwamba ndani ni kitu kimoja, na mwenye kukaa ndani ni kitu kingine. Chumba hakiwi mpangaji. Mpangaji akihama tunasema hayumo, hatusemi amekwisha. Yule kijana wa miwani ana vipimo vyote vya kichwa cha Gramu mkononi, picha, mistari, namba, na alipotafuta neno la kueleza alichokiona, sayansi yake yote ilimpeleka kwenye neno la mlango ulioachwa wazi. Hayumo, basi yuko.

Hilo moja. La pili silithubutu kulisema kwa sauti, maana Mkuu hataki hata neno "miungu" lichapwe ofisini. Mtu, watu. Mgeni, wageni. Lakini Mungu wingi wake si "waungu." Ni miungu, kama mti na miti, mto na mito, moto na mioto, moyo na mioyo. Waliotuachia lugha hii hawakumpanga na watu. Walimpanga na vinavyoota, vinavyotiririka, vinavyowaka, vinavyodunda. Sidhani walikosea njia. Nadhani walikuwa wakieleza walichokuta.

La tatu ni letu sisi wawili. Ulikuwa ukinishinda kila tulipocheza kujificha. Mimi nimo kabatini, kimya, nimebana pumzi, wewe husumbuki kunitafuta. Unasimama katikati ya chumba unaita "Kobe!" nami naitika "Naam!" kutoka nyuma ya makoti. Ulinicheka sana. Lakini tazama: kuita, kuitika. Neno la kujibu limetoka tumboni mwa neno la kuita, halina tumbo jingine. Na watu wote walioishi, waliosoma na wasiosoma, wamekuwa wakiita. Je, lugha ingezaa kuita peke yake, bila pacha wake?

La mwisho ni lakiri ya Gramu, ule muhuri wa madini ya risasi. Gramu akimaliza kupima mizani, alikuwa akifunga waya na kuubana kwa kipande kidogo cha risasi, akakigonga muhuri. Muuza duka hakumwona tena mwaka mzima, pengine hamjui sura. Lakini ile lakiri ikining'inia pale, kila mnunuzi anajua kuna mwenye mamlaka aliyepita. Alama haijigongi. Mimi natazama jinsi viganja vya watu vilivyochorwa mistari, jinsi mbegu zilivyopangwa ndani ya tunda, na naona lakiri.

Daktari akikuita, fanya ambalo moyo wako unaliona. Hutamtupa. Utakuwa unamfungulia mlango tu.

Mdogo wako

*

24 Machi

Dada,

Hujanijibu, nami sikungoji. Naomba barua hii iruke ile ya tarehe 15 njiani, ifike mbele yake. Najua barua haziruki.

Mama mzima. Nitaandika habari zake baadaye.

Ile barua niliyokutumia niliiandika kwanza rasimu, nikaisahau kwenye meza ya ofisi. Mkuu aliikuta. Nilipomwona ameishika, nilianza kukitafuta kikombe changu kwa macho. Akasema, "Kijana, hii 'hayumo, basi yuko' umeitoa wapi?" Nikasema nimeitunga. Akanipiga bega. "Toa hayo ya miungu na ya makabati. Hilo la mpangaji liache." Siku ya pili lilikwisha kupigwa chapa, kurasa kwa kurasa, na nafasi tupu ya kujazia jina la marehemu. Maneno niliyokutafutia wewe sasa ninayajazia majina kama mtu anayebandika stempu.

Juzi akaja mzee mmoja, fundi bomba, bado ana rangi ya kutu kwenye vidole. Alikuwa na karatasi ile mkononi. Binti yake alikuwa amefariki.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Imetoka kwa Mkuu, baba."

"Sikuuliza imetoka kwa nani. Bomba hutoka maji, halitengenezi maji. Nimeuliza nani kaandika."

Nikasema mimi.

"Vema. Hapa umesema binti yangu hayumo, basi yuko. Nimekuja unieleze. Yuko wapi?"

Akangoja. Hakuwa na hasira, dada. Angekuwa na hasira ningejificha nyuma yake. Alikuwa amevaa shati la pasi, kama mtu aliyekuja kuonyeshwa njia.

Nikasema, "Ni namna ya lugha, baba."

"Namna ya lugha," akarudia. Akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni, akakifunga kifungo. "Mimi nilidhani ni habari."

Akaondoka.

Sasa nisikilize, kwa sababu mtu mmoja tu ndiye anayeweza kupata hasara kubwa kuliko yule mzee, naye ni wewe. Ukisema moto haumo mekoni, je, moto uko mahali pengine? Hauko. Umezimika, basi. "Mo" haithibitishi "ko." Nilijua hivyo nilipokuwa naandika, nikaandika sentensi nyingine haraka ili nisijisikie. Wingi wa miungu hauthibitishi ila kwamba lugha ina mafungu yake. Kuita kunazaa kuitika kwenye kamusi, wala si lazima kuzae chumbani. Na lakiri, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuna michoro isiyokuwa na mchoraji.

Umesoma barua zangu mbili. Tafuta ndani yake neno "naamini." Hulioni. Ulikuwa hujaligundua? Mimi niliogopa kila siku utaligundua. Sijui kama yupo, dada. Ninawaandikia watu mia kwamba yupo, nami sijui, na sijajua tangu nilipokuwa chuoni. Usitie sahihi kwa maneno yangu. Ukitia, tia kwa sababu nyingine yoyote: uchovu, huruma, ushauri wa daktari. Usiache jambo zito hivyo lisimame juu ya silabi yangu moja. Ngoja. Naomba ungoje.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Ndugu yangu,

Mwambie Mama nimemsalimu.

Barua yako ya tarehe 15 ilinifikia asubuhi ile ile daktari aliyoniita. Niliisomea chooni, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Niliipenda sana. "Chumba hakiwi mpangaji." Niliisoma mpaka nikaanza kuuona mlango wenyewe, rangi yake na kitasa. Nikatoka, nikaomba kalamu, nikatia sahihi. Sikusita. Nakwambia hivyo ujue uliandika vizuri.

Wifi alitoka nje, nikamsikia anapiga ukuta kwa kiganja. Muuguzi akazima. Ile mashine ilivuta, ikaghairi, haikuvuta tena. Hicho kimya sitaki kukieleza.

Ndipo nikamwita. Ulisema kuitika kumetoka tumboni mwa kuita. Nikamwita Gramu. Nikamwita jina la kwenye cheti. Nikamwita lile jina la chumbani ambalo hata wewe hulijui. Sikuita kwa kulia, niliita kama mtu anayeita mtu aliyeko chumba cha pili, kwa sababu ndivyo ulivyoniambia, yuko. Nikangoja. Muuguzi akangoja pamoja nami, hakunikataza, Mungu amlipe, kama yupo.

Ya tarehe 24 ilifika tumeshazika.

Niliisoma nimevaa gauni la kahawia, barua nyingine ikinikwaruza mguu. Moto haumo mekoni. Hauko. Umezimika, basi. Nayo umeiandika vizuri. Una mkono mzuri, Kobe, popote uupelekapo.

Wifi aliikuta ya pindoni wakati wa kufua, na zile nyingine mbili zilikuwa chini ya mto. Alizisoma mbele ya ndugu wote waliokuja msibani, moja baada ya nyingine, kwa sauti, hakuongeza neno. Alipomaliza alinitazama akasema, "Umemzima kaka yangu kwa sarufi." Nilitafuta la kumjibu, mimi ambaye sikosi la kujibu. Barua anazo yeye. Amesema ataziposti kwa mkubwa wako. Sikumzuia, na sitakudanganya kwamba nilijaribu.

Nimekunja nguo zake za kazi. Kwenye mfuko wa koti nimekuta zile lakiri za risasi ulizoniandikia, konzi nzima. Hazijagongwa kitu. Laini pande zote mbili. Nimezigeuza moja moja.

Uongo wako ningeishi nao. Ukweli wako nao ningeishi nao. Umenipa vyote viwili, vikapishana njiani, na mume wangu akapita katikati yake.

Usiniandikie.

*

30 Juni

Dada,

Uliniambia nisiandike. Nimetii mpaka nimeshindwa. Huna haja ya kuichoma hii, siri imekwisha, hakuna tena wa kunifukuza.

Salamu kwanza, kama tulivyofundishwa. Mama yuko. Nilimwambia habari ya Gramu siku tuliyohama, maana "anaendelea" lilikuwa limechakaa mno. Nilimwambia kwenye sikio la kushoto, nikarudia. Alikaa na shuka aliyokuwa anakunja, hakulia. Akauliza, "Alikuwa na nani?" Nikasema alikuwa na wewe. Akaendelea kukunja. Tangu siku hiyo hajauliza kitu. Asubuhi namsikia anataja majina yetu sote, polepole, kama anayeita darasa, na la Gramu bado anaanza nalo. Natamani angeuliza. Angalau ningekuwa na swali la kukwepa.

Barua alizotuma wifi zilifika kwa Mkuu mwezi wa tano. Hakuniita. Nilikikuta kikombe changu nje ya mlango, kisahani juu. Nilikifunua. Chai ilikuwa bado ya moto, na nikainywa pale pale nimesimama, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya nayo. Ile karatasi ya "hayumo, basi yuko" wanaendelea kuituma. Waliniacha mimi, walibaki nayo. Mara moja nimeiona kwenye ukuta wa duka la majeneza, imewekwa fremu.

Sasa napiga chapa barua za watu, nimekaa kwenye kibaraza cha fundi viatu. Maombi ya kazi, malalamiko ya mashamba. Yule fundi bomba alipita siku moja. Nilijaribu kuinama, lakini meza ni fupi. Akanitambua. Akakaa kwenye kigoda cha wateja wa viatu, akakaa tu, hakutaka barua. Mwishowe akasema, "Bado hujapata?" Nikasema bado. Akasema, "Na mimi," akaondoka.

Sina hoja ya kukupa. Nilikuwa nazo nyingi, zilipigwa pasi na kupangwa, tazama zilikotufikisha. Nina jambo moja tu nililoliona, na si ushahidi, usilitie sahihi. Tangu Aprili nakuandikia kichwani. Naamka naandika, nakula naandika. Nakuambia mkanda wa mashine ya kupigia chapa umekatika, nakuambia Mama ametapika, nakuomba msamaha kwa namna nyingi, nyingine za kijinga. Hujibu. Sijui kama unasikia, sijui kama ungalipo katika nyumba ile au umehama. Kwa kila kipimo nilichofundishwa, hakuna anayesoma upande wa pili. Nami siachi. Nikajikuta nimeelewa wale watu wote walioniandikia ofisini miaka ile, ambao niliwajibu kwa karatasi ya kujaza majina. Walikuwa wakifanya hiki. Kilikuwa kinauma hivi. Nami nilikuwa nawapa sarufi.

Labda yupo na ana sababu ya kutojibu kama uliyo nayo wewe. Hilo ndilo wazo linalonitisha kuliko kwamba hayupo. Kwa sababu wewe una haki.

Sitakuuliza tena chochote. Lakini ukitaka kunipata, hivi ndivyo. Usitumie lile sanduku la ofisi, wanazirudisha. Shuka kituo cha mwisho, vuka barabara mahali penye pampu ya mafuta iliyoharibika, fuata ukuta wa manjano mpaka rangi iishe. Hapo pana fundi viatu, bonge la mtu, husonya badala ya kusalimu, usimwogope. Mchana nipo pale kibarazani. Baada ya hapo tuko nyuma yake, chumba cha pili, chenye pazia la kijani ambalo wewe mwenyewe ulilishona. Ukituma mtu, mwambie aseme anatafuta karani, jina langu hapa hawalijui. Ukiandika, andika kwa jina la fundi viatu, atanipa, hajui kusoma.

Lakini ukija mwenyewe usigonge. Hapa wanaogonga ni wenye madai, na nikisikia hodi huzima taa nikabana pumzi. Mama hasikii. Simama tu nje ya pazia, uite "Kobe," mara moja, kwa ile sauti ya katikati ya chumba. Hata kama ni kwa hasira. Hata kama umekuja kunitukana.

Nitaitika.